Siagi na mafuta ya mbegu: ugomvi wa Marekani, karai letu

Mwaka 2025 kampuni ya migahawa ya Steak 'n Shake ya Marekani ilitangaza kuwa inaachana na mafuta ya mbegu, na kwamba chipsi zake sasa zitakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Waziri wa Afya wa nchi hiyo, Robert F. Kennedy Jr., ambaye amekuwa akidai kuwa Wamarekani wanalishwa sumu bila kujua, akaipongeza. Madai hayo hayakubaki huko. Siku hizi hata huku unaambiwa alizeti inaua, soya ndiyo usiseme, na dawa ni kurudi kwenye siagi na samli za bibi zetu.

Ugomvi huu umetufikia ukiwa umeshafungashwa. Kwetu, nyumba inayopikia siagi kila siku ni ya kutafuta kwa tochi. Kinachoshindana na alizeti kwenye duka la mtaani ni mawese: yale ya maji yaliyosafishwa, yanayopimwa kwa chupa ndogo, na yale ya kuganda ya kwenye kopo. Kwa hiyo jibu lina sehemu mbili. Kati ya siagi na mafuta ya mbegu, mbegu inashinda, na si kwa pointi chache. Lakini ushindi huo unaweza kuliwa wote na karai moja la chipsi, na watetezi wa mafuta ya mbegu huwa hawalisemi hilo.

Tuanze na kijiko. Kijiko kikubwa cha siagi, gramu 14, kina zaidi kidogo ya gramu 11 za mafuta. Kilichobaki ni maji na mabaki ya maziwa. Gramu 7 kati ya hizo ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo mnyororo wake wa kaboni umebeba haidrojeni yote unayoweza kubeba, ndiyo maana yanaganda kwenye joto la kawaida. Samli ni siagi iliyoondolewa maji na mashapo, kwa hiyo kijiko chake kinafika gramu 8 hivi. Kijiko cha mafuta ya kawaida ya alizeti kina gramu 1.5 tu za mafuta yaliyoshiba, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni asidi ya linoleiki, mojawapo ya mafuta yasiyoshiba ya kundi la omega-6. Mahindi na soya yanakaribia gramu 2. Mbegu za pamba zinapanda hadi 3.5. Nazi inawapita wote: gramu 11.

Mawese je? Gramu 6 hadi 7. Yanatoka kwenye nyama ya tunda la mchikichi, hayana tone la mnyama, lakini ukiyapima kwa mafuta yaliyoshiba yanakaa benchi moja na siagi. Wanaogawanya mafuta kwa mstari wa "ya mmea ni mazuri, ya mnyama ni mabaya" wanapotea hapo hapo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Vijiko vitatu vya siagi vinakumaliza kabla hujagusa nyama, maziwa, wala tui la maharage.

Sababu ya kiwango hicho iko kwenye ini. Seli za ini zina vipokezi vinavyokamata lehemu aina ya LDL na kuiondoa kwenye damu. Mafuta yaliyoshiba yakizidi, vipokezi hivyo hupungua, LDL inabaki ikizunguka muda mrefu, na sehemu yake inapenya kwenye kuta za ateri. Asidi ya linoleiki inafanya kinyume chake. Hili limepimwa kwa miongo mingi kwa kuwalisha watu chakula kilichopangwa, si kwa kuwauliza walikula nini. Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018 liliwapa watu wasiofika mia moja gramu 50 kila siku za siagi, mafuta ya nazi au mafuta ya zeituni. Baada ya wiki nne, kundi la siagi lilikuwa limepanda LDL kwa takriban milimoli 0.4 kwa lita likilinganishwa na makundi yale mengine. Nazi ndiyo iliyoshangaza: ingawa imejaa mafuta yaliyoshiba kuliko siagi, kundi lake halikupanda hivyo. Si mafuta yote yaliyoshiba yana tabia moja, na ya siagi yana tabia mbaya.

Lehemu ni kipimo tu. Watu wanataka kujua habari za vifo. Hapo twende Finland. Mwaka 1972 jimbo la Karelia ya Kaskazini lilikuwa na vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilivyoitisha dunia. Siagi ilipakwa kwenye mkate, ikapikiwa, na maziwa yalinywewa na krimu yake yote. Mradi ulioongozwa na daktari Pekka Puska ulisukuma watu kuelekea mafuta ya mbegu za rapa (kanola), maziwa yaliyopunguzwa mafuta na mboga, na ukashirikiana hadi na wakulima ili wapate cha kulima badala ya kutegemea krimu peke yake. Katika miaka 35 hivi vifo vile vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Sigara nazo zilipungua na shinikizo la damu likadhibitiwa, kwa hiyo si sifa zote za mafuta, ila kushuka kwa lehemu ndiko kulikochangia sehemu kubwa kuliko sababu nyingine.

Mauritius ni mfano unaotuhusu zaidi, maana huko aliyetolewa uwanjani si siagi bali mawese. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya mgawo, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa mawese, yakawa ya soya. Kufika 1992 wastani wa lehemu yote ya damu kwa watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Watafiti wenyewe walikadiria kuwa badiliko la mafuta linaeleza sehemu tu ya anguko hilo. Hata hivyo, ni nadra kuona nchi nzima ikisogea namna hiyo ndani ya miaka mitano, na kisiwa hiki ni jirani yetu wa Bahari ya Hindi, chenye watu wanaopika michuzi na kukaanga kama sisi. Ajabu ni kwamba hakitajwi kabisa kwenye mabishano haya.

Wapinzani wa mafuta ya mbegu wana karata mbili nzuri, na si haki kuzificha. Ya kwanza ni jaribio la Minnesota la 1968 hadi 1973, lililohusisha watu 9,423 katika hospitali za wagonjwa wa akili na nyumba moja ya wazee. Waliopewa mafuta ya mahindi badala ya mafuta yaliyoshiba walishuka lehemu kwa karibu asilimia 14, lakini hawakufa kidogo kuliko wenzao. Data zilifukuliwa na kuchapishwa upya mwaka 2016. Ya pili ni Sydney, 1966 hadi 1973: wanaume 458 waliokwisha kupata matatizo ya moyo, na kundi lililopewa mafuta ya mbegu za kartamu (safflower) na majarini yake likafa zaidi.

Ukizitazama kwa karibu, karata hizo zinapungua nguvu bila kuisha. Minnesota wagonjwa walikuwa wanaingia na kutoka. Waliokaa kwenye chakula cha jaribio mwaka mmoja au zaidi hawakufika 2,400, na ugonjwa wa ateri ni kazi ya miongo. Majarini za enzi hizo huenda zilibeba mafuta ya transi, yaani yale yanayotokea mafuta ya maji yakigandishwa kwa haidrojeni. Isitoshe, mafuta ya kartamu hayana omega-3, kundi jingine la mafuta yasiyoshiba, lile la samaki, tofauti na soya na rapa. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walipojumlisha majaribio ya angalau miaka miwili, mwaka 2020, walikuta kupunguza mafuta yaliyoshiba kunapunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa asilimia 17 hivi, ilhali idadi ya vifo haikusogea sana. Huo ndio ukubwa halisi wa faida: upo, lakini si muujiza.

Halafu kuna tafiti za kufuatilia watu, ambazo zinapigana kwa juu juu. Uchambuzi wa 2016 uliokusanya watu zaidi ya 636,000 ulikuta kijiko cha siagi kwa siku kinahusiana na ongezeko la vifo la asilimia 1 tu, karibu na sifuri. Ule wa Machi 2025, wa Wamarekani 221,054 waliofuatiliwa hadi miaka 33, ulikuta walaji wakubwa wa siagi wana vifo asilimia 15 zaidi ya wale wa chini kabisa, na kwamba kubadilisha gramu 10 za siagi kwa siku na mafuta ya mimea kunaendana na vifo pungufu kwa asilimia 17. Nani mkweli? Wote. Ule wa kwanza unalinganisha siagi na chakula kingine chochote, ukiwemo mkate mweupe, soda na keki. Wa pili unauliza ungeweka nini mahali pake. Ukiacha siagi ukala maandazi mawili zaidi, hujafanya kitu.

Dai linalopendwa sana mitandaoni ni la omega-6 kuwasha moto mwilini. Mantiki yake inavutia: asidi ya linoleiki hubadilika kuwa asidi ya arakidoniki, na hiyo ndiyo malighafi ya kemikali za uvimbe. Lakini mwili una breki. Watu wameongezewa linoleiki maradufu na arakidoniki kwenye damu yao haikupanda, na majaribio yaliyopima viashiria vya uvimbe hayakuona ongezeko. Uchambuzi wa 2019 wa tafiti 30 kutoka nchi 13, ambao ulipima linoleiki iliyomo ndani ya damu na tishu badala ya kutegemea kumbukumbu za walaji, ulikuta wenye kiwango cha juu wanapata magonjwa ya moyo na kiharusi kwa uchache. Kilichobaki cha kweli ni hiki: alizeti haina omega-3 ya maana. Tiba yake ni dagaa na samaki wa mafuta, si kutupa alizeti.

Heksani, kiyeyushi kinachotokana na petroli, nayo hutajwa kama kinyesi cha viwanda ndani ya chupa. Ni kweli viwanda vikubwa huitumia kuyeyusha mafuta yaliyosalia kwenye mashudu. Inachemka kwenye nyuzi 69, inavukizwa, kisha mafuta yanapitishwa mvuke wa zaidi ya nyuzi 200 ndani ya ombwe ili kuondoa harufu. Sheria ya Ulaya inaruhusu masalia yasiyozidi miligramu 1 kwa kilo. Mafuta ya Singida na Dodoma yanayokamuliwa kwa mashine za skrubu mtaani hayajawahi hata kukutana na heksani. Hayo yana maswali yake: mbegu zilizovunwa na unyevu huota sumukuvu, na watafiti waliopima mbegu na mashudu ya wakamuaji wadogo wa Tanzania, matokeo yakatoka 2017, waliikuta katika baadhi ya sampuli. Sumu nyingi hubaki kwenye mashudu, lakini kiwanda kinachosafisha kwa magadi makali huondoa na ile iliyopenya kwenye mafuta. Mkamuaji mdogo hana hatua hiyo. Kinga yake ni kukausha na kuchambua mbegu kabla hazijaingia kwenye mashine.

Sasa karai.

Kinachoifanya linoleiki kuwa rafiki wa mishipa ndicho kinachoifanya kuwa dhaifu kwenye moto. Molekuli yake ina viungo viwili visivyoshiba, na oksijeni inaanzia hapo hapo. Asidi ya oleiki, iliyojaa kwenye zeituni, inaungana na hewa polepole zaidi, kwa takriban mara kumi. Mafuta yaliyoshiba ni polepole zaidi. Ndiyo maana samli inavumilia moto, na mawese yaliyosafishwa yanakaa kwenye karai kutwa bila kuchoka sana. Uimara kwenye moto na wema kwenye mishipa ni mizani mbili tofauti, na walimu wa mitandaoni wanazichanganya makusudi au kwa kutojua. (Siagi yenyewe haimo kabisa kwenye mashindano ya karai: mabaki ya maziwa huanza kuungua kwenye nyuzi 150 hivi.)

Kukaanga kuzuri ni kati ya nyuzi 170 na 180. Bila kipimajoto, tumbukiza kipande cha mkate cha sentimita mbili: kikiwa kahawia ndani ya dakika moja hivi, mko sawa, kikigeuka ndani ya nusu dakika, punguza moto. Chini ya 160 chakula kinanyonya mafuta. Viazi vikishakatwa vioshwe wanga utoke, kisha vikaushwe kwa kitambaa, kwa sababu maji yanavunja mafuta na kutoa asidi huru zinazoshusha kiwango cha kutoa moshi. Chumvi iwekwe baada ya kuopoa. Makombo yachujwe kila mzunguko. Karai lenye kutu linaharakisha uharibifu, maana chembe za chuma zinachochea oksidi, na shaba ni mbaya zaidi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuongezea mafuta mapya juu ya ya zamani, siku baada ya siku, bila kumwaga kamwe. Mabaki yaliyokwisha kuoza kwa hewa ndiyo yanayowasha mnyororo kwenye yale mapya, kwa hiyo lita uliyoongeza asubuhi inazeeka kufika mchana. Nchi za Ulaya zenye sheria ya jambo hili huamuru mafuta yamwagwe misombo iliyoharibika ikifika asilimia 24 hadi 27. Muuza chipsi hana kifaa cha kupima hilo, ila ana macho: povu dogo dogo lisilotulia hata viazi vikishatolewa, moshi kwenye joto lile lile la jana, mafuta yanayotiririka kama asali na kuacha gundi kwenye ukingo wa karai. Rangi peke yake isikudanganye. Kuku na viungo vinatia weusi mapema.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa anayekaanga kutwa ni huu, na najua utawaudhi wengine: mawese yaliyosafishwa yanayomwagwa kila siku ni bora kuliko alizeti ya siku nne. Ukipata alizeti ya aina yenye oleiki nyingi, ambayo ipo sokoni kwa uchache, hiyo inawashinda wote. Nyumbani alizeti ya kawaida ikaange mara mbili, tatu ikizidi, ichujwe ikiwa imepoa, ifunikwe na ikae gizani.

Mchuzi na mboga ni habari nyingine kabisa. Moto mkali ni wa dakika za kitunguu tu. Ukishatia nyanya na maji, sufuria haivuki nyuzi 100 kwa mengi, na hapo alizeti, soya au ufuta hazina tatizo lolote. Mapishi mengi ya nyumbani kwetu ni ya namna hii. Familia ya watu watano inayomaliza lita moja kwa wiki inatumia gramu 26 kwa kila mtu kwa siku. Kama ni mawese yaliyosafishwa, kila mmoja anapata karibu gramu 12 za mafuta yaliyoshiba. Kama ni samli, 16. Alizeti, 3. Nishati ni ile ile, kilokalori 235 hivi, kwa hiyo anayedhani alizeti inapunguza unene kwa kuwa tu ni alizeti anajidanganya.

Siagi ina nafasi yake. Kwenye keki na biskuti hakuna kinachoishika, na kijiko cha samli juu ya biriani ya Ijumaa hakimuui mtu ambaye wiki nzima amepikia alizeti. Pia isihukumiwe pamoja na ndugu zake: jibini yenye mafuta yale yale ya maziwa inapandisha LDL kidogo kuliko siagi. Maelezo yenye uzito ni kwamba matone ya mafuta ya maziwa huvikwa utando, na kusukasuka maziwa ili kupata siagi kunauvunja. Jibini ina kalsiamu pia.

Na kuna kipindi ambacho wapenda siagi walikuwa sahihi na madaktari walikosea. Crisco, mafuta ya kuganda ya kwenye kopo, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1911, ilikuwa mafuta ya pamba yaliyogandishwa kwa haidrojeni, na baadaye watu wakahimizwa waache siagi wapake majarini ngumu. Mwaka 1990 Waholanzi Mensink na Katan walionyesha kuwa mafuta ya transi yanayotokana na ugandishaji huo yanapandisha LDL na wakati huo huo kushusha HDL, ile lehemu inayoitwa nzuri. Siagi hupandisha LDL, lakini haishushi HDL. Denmark iliyawekea ukomo mwaka 2003. Kopo la mafuta ya kuganda au majarini likiandikwa neno hydrogenated kwenye viambato, lirudishe rafuni. Mengi ya siku hizi yanagandishwa kwa mawese bila haidrojeni, jambo linaloondoa transi na kukuachia mafuta yaliyoshiba. Na angalia kama hicho unachokiita siagi asubuhi ni siagi kweli: viambato vya siagi ni krimu ya maziwa, pengine na chumvi, basi.

Ukinunua alizeti, adui wa kwanza ni jua. Mwanga unaanzisha oksidi hata kwenye chupa isiyofunguliwa, na vitamini A inayoongezwa kiwandani kwa mujibu wa sheria huharibika nao. Chupa zilizopangwa mezani kando ya barabara kuu zinapendeza kwa rangi yake ya dhahabu, lakini omba ya ndani ya stoo, na uulize ilikamuliwa lini. Mashapo kidogo chini si ubovu. Yaache yatulie siku mbili, kisha mimina juu kwa taratibu, maana yakiingia kwenye karai ndiyo yanayotoa moshi wa kwanza. Ukifungua, imalize ndani ya miezi miwili. Ikinuka kama rangi ya mafuta ya ukutani, isirudi jikoni hata kwa kuunga mboga.